Mnara Uonekane Barabarani

Michoro ilirudi tena. Safari hii haikuletwa na tarishi. Ilirudi na mkurugenzi wa hifadhi mwenyewe, aliyepanda ngazi za ofisi akihema, akaketi kwenye kiti cha wageni bila kungoja kukaribishwa, akaitandaza karatasi juu ya meza na kuibana pembe zake kwa simu, funguo za gari na kikombe cha chai kisichokuwa chake. Kisha akaweka kidole katikati ya mchoro.

"Binti yangu," alisema, "mnara wako hauonekani."

Mwenye ofisi alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mvi zimeshamchungulia kwenye paji la uso, na mtoto wake wa kwanza alikuwa chuoni. Hakuwa binti wa mtu huyu hata kwa mbali. Lakini hilo alikwisha kulizoea. Wengi walimwita Rula, jina alilobandikwa na dada yake tangu utotoni kwa sababu alipima kila kitu, hata mkate kabla haujakatwa, na jina likamganda mpaka wateja wakadhani ndilo lililoko kwenye cheti cha kuzaliwa.

"Haukusudiwi kuonekana, mzee," alijibu. "Ni mnara wa kutazamia ndege. Ukionekana na watu, na ndege watauona."

Mkurugenzi akacheka kwa upole, cheko la mtu aliyesikia mtoto akitamka neno la kikubwa. Akaeleza kwamba yeye hakuwa anazungumzia ndege, alikuwa anazungumzia barabara kuu. Magari yanapita pale kutwa nzima na hakuna anayejua kwamba nyuma ya miti kuna hifadhi. Kwa nini? Kwa sababu hakuna kinachochomoza. Yeye anataka kitu kichomoze, mtu akiwa kwenye gari aseme, simamisha, kuna nini pale? Alisema hivyo huku akiinua mkono kutoka mezani hadi juu ya kichwa chake, kisha akaongeza kidogo kwa kunyoosha vidole.

Alipoondoka, kikombe kilikuwa kimeacha duara la kahawia juu ya mchoro, pale pale bwawa lilipokuwa.

Mhandisi, mwenzake wa ofisini, mtu mrefu mwenye maneno machache ambaye hesabu zake ndizo zilizofanya majengo ya Rula yasimame, alikuwa amejitia kutafuta kitu kwenye droo muda wote. Sasa akaifunga.

"Tumchoree nguzo ya simu," alisema. "Tuipake rangi, tuitundikie ngazi."

Rula hakucheka. Aliikunja karatasi polepole, akaiweka juu ya rundo la nyingine zilizotangulia.

Kurudishiwa michoro si jambo geni kwa msanifu majengo. Nyumba ya mtu huchorwa, ikafutwa, ikachorwa upya, na mwenye nyumba bado akaja siku ya kuhamia akauliza mbona mlango wa jikoni uko huku. Kilichomuuma Rula ni kwamba mnara huu, kila uliporudi, ulirudi umepungukiwa na kiungo. Mara ya kwanza ulipoteza mbao, ukawa wa chuma, kwa kuwa mjumbe mmoja wa kamati aliogopa mchwa. Mara iliyofuata nyufa za kuchungulia zikageuzwa kuwa vioo vikubwa. Kisha ukatakiwa uwe na mgahawa juu. Kila kitu kiliombwa kwa adabu, kwa lugha ya "tulikuwa tunafikiria tu", na kila kitu kilikuwa amri.

Na ule mchoro wa kwanza ulikuwa mzuri. Ndio uliompa kazi hii, akawashinda wasanifu wenye ofisi za ghorofa nzima. Kabla ya kushika penseli alikwenda hifadhini asubuhi nyingi, akakaa kando ya bwawa lile pana lenye maji ya magotini, akayaangalia matete, kijisitu cha miti mirefu upande mmoja, na ndege. Aligundua kwamba ndege wa pale hawakuogopa ukuta. Hawakuogopa hata trekta la hifadhi likipita linanguruma. Walichoogopa ni umbo la mtu likisimama mbele ya anga. Basi akachora mnara mfupi, wa mbao, umejificha ndani ya kijisitu, paa lake liko chini ya vilele vya miti. Haukuwa na ngazi. Watu wangepanda kwa njia ya mteremko iliyopita taratibu kati ya vigogo mpaka ukumbi wa juu, na ukumbini kulikuwa na nyufa ndefu ukutani, za juu kwa wanaosimama, za chini kwa wanaokaa.

Hao wanaokaa walikuwa na sura moja kichwani mwake. Sura ya dada yake.

Dada yake aliishi naye, katika chumba cha chini chenye mlango mpana. Ugonjwa wa uti wa mgongo ulikuwa umemnyima nguvu za miguu tangu ujana wake, na tangu hapo alitembelea kiti cha magurudumu. Kazi yake ilikuwa kusahihisha vitabu kabla havijachapwa. Meza yake ilikuwa imeinuliwa kwa matofali, karatasi zimepangwa kushoto zisizosomwa na kulia zilizosomwa, na kazi ya kutafuta makosa ya watu ilikuwa imemwingia damuni. Alisahihisha barua za ofisi ya Rula. Alisahihisha hata ujumbe wa simu wa shemeji yake, mume wa Rula, ambaye alikwisha kujifunza kuaga na kwenda kuosha gari kila ndugu hao wawili walipoanza kubishana. Kitu pekee ambacho dada hakukisahihisha kilikuwa ndege. Dirishani mwake aliweka darubini, na ingawa alichoweza kuona ni ua, paa la jirani na tangi la maji, aliweza kukwambia ndege gani alitua pale, kwa sauti gani, na aliondoka kwa sababu gani.

Ndiyo maana siku kamati ilipoiondoa njia ya mteremko, Rula aliona giza.

Ilikuwa katika chumba cha mikutano cha hifadhi, chenye kipoza hewa kilichodondosha maji ndani ya ndoo na maua ya plastiki katikati ya meza. Hoja ilikuwa nyepesi. Kama mnara unapandishwa juu ya miti ili uonekane barabarani, njia ya mteremko itakuwa ndefu mno, itazunguka mpaka ikate eneo la maegesho. Basi iondoke, ziwekwe ngazi. Wajumbe waliitikia kwa vichwa. Rula akamtazama Bwana Ndege, mtaalamu wa ndege wa hifadhi, ambaye asubuhi hiyo hiyo, koridoni, alikuwa amemshika mkono na kumwambia kwamba mnara mrefu utakuwa balaa kwa bwawa na kwamba safari hii atasema. Bwana Ndege alikuwa ameinamia karatasi yake. Alikuwa anachora mdomo wa bata, kwa ustadi mkubwa.

Basi Rula akasema mwenyewe, na kwa kuwa alikuwa amekasirika hakuchagua maneno. Alisema ana dada. Alisema dada yake anawajua ndege kuliko watu wengi waliokaa pale mezani, hana miguu, na mnara huu ukiwekwa ngazi hatauona ndani maisha yake yote. Sauti ikamtetemeka mwishoni, na alijichukia kwa hilo.

Ndoo ikadondokewa tone moja, na jingine. Mkurugenzi akaegemea mbele, uso umejaa huruma.

"Binti yangu, hilo lisikusumbue hata kidogo," alisema. "Dada yako akija, atabebwa. Tuna askari wa wanyamapori wenye nguvu zao."

Wajumbe wakaguna kwa kuridhika, mama mmoja akampigapiga Rula begani, na kikao kikahamia kwenye rangi ya mgahawa.

Usiku ule aliyasimulia yote akiwa amesimama mlangoni mwa chumba cha dada, viatu mkononi. Alitarajia dada atawaka. Dada aliwaka kweli, lakini moto ulikuja upande mwingine.

"Nani alikutuma kunitaja?" aliuliza.

Rula akashangaa. Akasema alikuwa anamtetea.

"Hukunitetea. Umenipeleka kikaoni bila kuniambia, ukanivua nguo mbele ya watu nisiowajua, ili ushinde. Na hata hukushinda." Aliweka kalamu nyekundu chini, jambo ambalo hakulifanya mara kwa mara. "Mimi si rungu, Rula. Usinishike mguu ukawapigia watu."

Rula alijitetea, na jinsi alivyojitetea ndivyo alivyozidi kuharibu. Alisema anayoyafanya yote ni kwa ajili yake. Dada akajibu kwamba hakuomba. Mume wa Rula, aliyekuwa anakuja na sahani ya chakula, alisimama koridoni, akasikiliza kidogo, akageuka na sahani yake.

Mwisho dada alisema kwa sauti ya chini zaidi, "Umewaambia habari za miguu yangu. Habari za ndege je? Wale ndio wenye nyumba. Mtu hajapata kuona bwawa likihamwa, utamwambiaje aogope?"

Maneno hayo Rula aliondoka nayo akiwa amenuna, lakini aliondoka nayo. Hakupata usingizi mzuri. Asubuhi alimkuta mhandisi ofisini anakwaruza makadirio ya uzito wa mgahawa, akamwambia waache hayo. Alitaka jukwaa la mabomba, kama lile la kupakia rangi majengo, lisimamishwe ukingoni mwa bwawa kwa urefu ule ule wa mnara ambao kamati inautaka. Kisha kamati yenyewe ipande, iangalie.

Mhandisi alifikiri kidogo. "Ndege wakiruka, tumeshinda," alisema. "Wasiporuka?"

"Wataruka."

Mkurugenzi alilipokea wazo kwa mikono miwili. Rula alidhani atalazimika kumbembeleza, kumbe mtu huyo alipenda kupanda vitu, na alitaka picha za kuweka kwenye kalenda. Siku ikapangwa. Jukwaa likafungwa na mafundi mapema na kuachwa bila mtu siku kadhaa, mpaka bwawa likatulia na ndege wakaanza kupita chini yake bila wasiwasi.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe, dada alisema naye atakuwepo. Walikuwa hawajasemeshana vizuri tangu ule usiku. "Siendi kwa ajili ya mnara wako," alitahadharisha. "Nimechoka na njiwa wa tangi la jirani."

Basi mume wa Rula na mhandisi wakakisukuma kiti kwenye njia ya udongo, wakakinyanyua mahali penye mizizi, huku dada akiwaelekeza kama dereva wa lori anayerudi kinyumenyume. Askari wa hifadhi walikuwa wamesimamisha ukuta mdogo wa matete karibu na maji, wa kujifichia wakati wa kuhesabu ndege. Huko nyuma ndiko alikotaka kuwekwa. Wakamweka, wakamfungia darubini kwenye stendi ya miguu mitatu, na akawafukuza.

Kamati ilikuja imependeza. Mkurugenzi alivaa fulana ya usalama ya rangi ya chungwa inayong'aa, na wenzake wakagawiwa zao. Mama wa begani alijitanda mtandio wa njano. Bwana Ndege alikuja na darubini shingoni, akamsalimia Rula kwa mbali.

Bwawa siku hiyo lilikuwa limefurika ndege. Yangeyange walisimama kwa safu kwenye maji mafupi, bata wakielea makundi makundi, korongo wakitembea kwa madaha yao katikati, na kelele zao zilikuwa kama soko lililoko ng'ambo ya mtaa. Rula aliona fahari, kana kwamba yeye ndiye aliyewaalika. Wajumbe wakaanza kupanda mmoja mmoja. Kichwa cha kwanza kilipovuka vilele vya matete, korongo wa karibu waliinua shingo. Cha pili kilipotokeza, na ile fulana ya chungwa nyuma yake, bwawa zima likaruka.

Rula hakuwahi kusikia sauti ile kwa karibu kiasi kile. Ilikuwa kishindo cha turubai kubwa lililong'olewa na upepo. Anga ikajaa, ikazunguka, ikaelea upande wa mbali, kisha ikawa tupu. Chini yao yalibaki maji ya rangi ya udongo yenye manyoya machache na viwimbi vinavyotulia.

Rula alisimama kando ya mkurugenzi kule juu, akimngoja aseme. Mkurugenzi alikuwa amegeukia upande mwingine.

"Tazameni mandhari hii," alisema kwa furaha. "Barabara ile pale! Sisi tunaiona, maana yake na wao watatuona."

"Ndege wako wapi, mzee?" Rula aliuliza.

Mkurugenzi alitupa macho bwawani. "Watarudi. Watazoea. Hata mimi nilipohamia mtaani kwangu majirani walinikimbia."

Watu wakacheka. Wakangoja kidogo, wakapiga picha, wakapigana picha. Hakuna kilichorudi. Rula akamgeukia Bwana Ndege, na kwa kuwa alimgeukia mzima mzima, wengine wote nao wakageuka. Safari hii hapakuwa na karatasi ya kuinamia. Bwana Ndege alikohoa. Akasema kwamba kitaalamu ndege hao wana uwezo wa kuzoea, ingawa kitaalamu pia upo uwezekano wa kutozoea, na kwamba jambo hilo linahitaji kuangaliwa kwa mapana yake.

Rula alishuka. Hakuaga. Aliyashika mabomba kwa mikono yote miwili kwa hasira, na alipogusa ardhi alikwenda moja kwa moja nyuma ya ukuta wa matete, mahali ambapo angeweza kulia bila kupigwapigwa begani.

Dada aliinua mkono mmoja kumnyamazisha, bila kugeuka. Rula akasimama pale pale. Upande wa pili wa ukuta, kwenye kidimbwi kidogo ambacho matete yalikikinga wasikione waliokuwa juu, baadhi ya ndege walikuwa wamejisogeza kwa miguu badala ya kuruka. Walikuwa karibu sana. Mtu angeweza kuwasikia wakinywa.

Mchakacho ukasikika kwenye matete. Mkurugenzi alikuwa amemfuata, pengine kumbembeleza, pengine kumkanya kwa kutoaga. Akaingiza kichwa, akafungua mdomo.

"Inama," dada alimwambia kwa kunong'ona, macho bado kwenye darubini. "Na uivue hiyo fulana."

Pengine haikuwahi kutokea kwa miaka mingi mtu kumwambia mkurugenzi ainame. Akaivua fulana, akainama. Dada akamsogezea darubini, akaishusha, akamwambia atazame tawi lililoinama juu ya maji. Mdiria alikuwa ametua pale, samaki mdomoni, akimbamiza kwenye tawi kushoto na kulia kabla ya kummeza. Mkurugenzi alitazama. Magoti yake yaligusa tope, hakuyaondoa. Mdiria alimeza samaki wake, akajitikisa, akakaa, na mkurugenzi bado alikuwa anatazama, mdomo wazi kidogo, pumzi ameibana. Rula alimwangalia akasema moyoni, basi, yamekwisha, ameelewa.

Mkurugenzi alisimama, akajifuta magoti, uso unang'aa.

"Nimekubali," alinong'ona. "Tujenge vyote viwili."

Na ndivyo ilivyokuwa. Mnara mrefu wa chuma na kioo ungehamishiwa langoni, kando ya maegesho, mbali na maji, pamoja na mgahawa wake na ngazi zake. Bwawani kungewekwa kibanda kidogo cha mbao cha kujifichia, kinachofikiwa kwa njia tambarare ya mbao. Kamati ilipitisha yote kwa kikao kimoja. Rula aliporudi ofisini alitangaza kwamba hachori mnara ule, na akichora hasaini.

"Usiposaini watampa mwingine vyote viwili," mhandisi alisema. "Na huyo mwingine ataweka kioo mpaka bwawani."

Rula alichora mnara meno yameumana, wiki baada ya wiki, kila mstari ukimkera. Alipigania kitu kimoja tu, vioo vichorwe mistari myembamba ili ndege wasivigonge wakidhani ni anga, na barua zilikwenda na kurudi mpaka dada, aliyezisahihisha, akasema ameshaiota hiyo mistari. Wakamkubalia, ila iwe myembamba zaidi.

Kibanda kilikuwa habari nyingine. Hakuna mjumbe aliyekijali, kwa hiyo hakuna aliyekigusa. Alikichora kwa mchana mmoja, kikajengwa alivyokichora.

Uzinduzi ulikuwa wa kelele na vipaza sauti. Jina la Rula, lile kamili ambalo hata mumewe alilisoma mara mbili, lilichongwa kwenye kibao cha shaba chini ya mnara. Bwana Ndege alihutubia, akaeleza jinsi alivyosisitiza tangu mwanzo kwamba bwawa lipewe utulivu wake, na akapigiwa makofi. Watu walijipanga ngazini, wakapanda, wakanywa soda, wakaipiga picha barabara kuu. Mwanamke mmoja alimuuliza Rula ndege wako wapi. Rula, moyo ukimfufuka, akamwonyesha njia ya mbao. Mwanamke akaitazama njia, akatazama viatu vyake, akasema siku nyingine.

Mnara ulionekana barabarani, tena sana. Rula aliuona kila akienda kazini, na alipoamua kupita njia ya mzunguko aliuona pia, kwa nyuma. Na wateja wakaanza kuja. Wa kwanza alikuwa na hoteli, akaweka picha ya mnara mezani.

"Nataka kama huu huu," alisema. "Ila urefu uongeze."

Mhandisi aliingia kwenye droo yake.

Dada hakuwa amekwenda kwenye uzinduzi. Alisema hapendi vipaza sauti. Alikwenda kibandani baadaye, siku ya kawaida, asubuhi, na Rula alimsukuma juu ya njia ya mbao akiwa na wasiwasi kuliko siku yoyote mbele ya kamati. Magurudumu yalipita bila kukwama. Mlango ulikuwa mpana. Nyufa za chini zilikuwa usawa wa macho yake barabara. Dada akasogea mpaka ukutani, chini ya ubao wa kuwekea viwiko, akasimama ghafla. Akarudi nyuma, akasogea tena. Mikono ya kiti ikaugonga ubao, ngo!

"Ubao uko chini," alinong'ona.

"Hauko chini," Rula alinong'ona. "Nilipima kiti chako."

"Ulipima kile cha zamani."

Rula akakumbuka kiti kipya, chenye mikono iliyoinuka, alichokinunua yeye mwenyewe. Damu ikampanda kichwani. Akamuuliza dada kwa nini hakusema. Dada akajibu kwamba hakuulizwa, na kwamba angalau safari hii kilichopimwa ni kiti, si yeye. Wakaanza kugombana, na kwa kuwa walikuwa pale walipokuwa, waligombana kwa kunong'ona, maneno makali yakitoka kama upepo wa tairi lililotobolewa. Rula alisema mwaka mzima kila mtu amemwekea mkono kwenye kazi yake, na kitu pekee alichokifanya kwa amani, hicho hicho ndicho kimekosewa. Dada alisema yeye hasemi kimekosewa, anasema kinamgonga mikono. Rula akatoa bisibisi kwenye mkoba, akapiga magoti, akajiingiza chini ya ubao, akaanza kufungua skrubu huku akilaani seremala, kiti, na nafsi yake.

"Rula," dada alinong'ona.

"Nini tena?"

"Usiinuke."

Sauti ilikuwa imebadilika. Rula akatulia, bisibisi mkononi, shingo imepinda chini ya mbao. Juu ya kichwa chake, kwenye ukingo wa ufa, kulikuwa na mkwaruzo mdogo wa kucha.

"Ni nani?" aliuliza kwa pumzi tu.

Kutoka pale chini Rula aliona miguu ya dada, kidevu chake, na ule mkono wake mmoja ulioshika gurudumu bila kusogea. Kucha zikakwaruza tena, zikahama kidogo kulia. Shingo ilianza kumuuma. Alitaka kuuliza rangi gani, mdomo gani, mkubwa au mdogo, akajua akiuliza ataharibu. Akabaki pale chini, shavu limegusa mbao zinazonukia unga wa msumeno, akimtazama dada yake kidevu na kusubiri.